Kikundi: Wana wa Bi Mwanahawa, Muheza

Jumapili, Novemba 5, 2023

[06:41] Da Zai: Asalaam aleikum nyote. Naandika mapema kabla hamjatawanyika. Rahma wetu wa sikoseli, mtoto wa marehemu Shabani, ana miadi Dar Alhamisi ya tarehe 16, kile kipimo cha mishipa ya damu ya kichwani. Kadi yake ya Toto Afya, ile bima ya watoto, iliisha Juni na haikuhuishwa, sababu mnazijua. Jambo hili tulimalize leo leo.

[06:42] Da Zai: Tuko 17 humu. Nataka majibu 17.

[07:55] Da Zai: Tiki za bluu naziona.

[08:10] Hamisi: Waaleikum salaam da. Nipo Vigwaza, foleni ya mzani. Nikitoka nasoma.

[08:11] Da Zai: Mistari minne nayo mpaka ipimwe kwenye mzani?

[08:12] Hamisi: 😂😂 Lori likizidi napigwa faini, maneno yakizidi napigwa na wewe

[08:40] Mishi: 🤲🏾🤲🏾

[08:41] Da Zai: Amin Mishi. Na mchango je?

[09:30] Athumani: Waaleikum salaam. Kwanza tuwekane sawa. Wiki hii Bunge limepitisha Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote. Watoto watakuwa ndani, na kaya zisizo na uwezo zitalipiwa. Tuwe na subira, serikali imesikia.

[09:33] Fadhili: Kaka Athumani, kupitisha siyo kuanza. Rais asaini, kisha kanuni zitungwe, kisha watu waandikishwe. Rahma miadi yake ni tarehe 16 mwezi huu.

[09:36] Athumani: Mwaka jana mlipiga kelele kwamba muswada una haraka, ukasogezwa. Umerudi mwaka huu, mnasema umechelewa. Tuwafanyeje?

[09:41] Fadhili: Mwaka jana watu walikataa kwa haki. Zilitajwa 340,000 kwa kaya ya watu sita, tena usipokuwa na bima hupati leseni ya udereva wala ya biashara. Muuza mihogo anazitoa wapi? Hilo halikuwa kosa la wananchi. Ninachouliza mimi ni kimoja: Toto Afya ilisimamishwa Machi, sheria inapita Novemba. Hapo katikati mtoto wa sikoseli alitakiwa aishi vipi?

[09:42] Athumani: Haikufutwa. Ilielekezwa shuleni na kwenye vifurushi vya familia. Tusipotoshe.

[09:44] Da Zai: Mkitaka kujadili Bunge fungueni kikundi chenu. Hapa natafuta 180,000.

[09:52] Shem Mussa: Da Zai niruhusu kidogo, maana hili linatugusa sisi tuliopo zahanati kila siku.
Ile kadi ilikuwa 50,400 kwa mwaka kwa mtoto, na inaingia mpaka hospitali kubwa. Mzazi mwenye mtoto mzima alikuwa haikati. Anakuja kuikata siku mtoto kavimba tumbo, anaulizia kadi inatoka baada ya siku ngapi. Simlaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini mfuko unaobeba wagonjwa watupu lazima uyumbe, unatoa kuliko unachoingiza. Kwa hiyo Athumani ana haki kusema kulikuwa na tatizo.

[09:53] Athumani: Ahsante shemeji.

[09:55] Shem Mussa: Sijamaliza. Tatizo hilo linatibiwa kwa kuwaingiza wote, wazima na wagonjwa, ndipo wazima wawabebe wagonjwa. Sheria inayopita sasa inakwenda huko na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Ila dirisha lilifungwa kabla mlango haujajengwa. Aliyeumia siyo yule mwenye mtoto mzima, yeye hakuwa anaitumia. Aliyeumia ni Rahma na wenzake ninaowaona kliniki. Hili nalisema popote, hata mbele ya waziri.

[09:57] Hamisi: Waziri mwenyewe Ummy wetu wa Tanga. Athumani si mnaonana kwenye vikao, mwambie Muheza tunamsalimia

[09:58] Athumani: Hamisi mimi ni mwenyekiti wa kitongoji. Kikao changu mimi na waziri nani kakwambia kipo.

[10:04] Fadhili: Na hela za kuwalipia wasio na uwezo zitatoka wapi?

[10:09] Athumani: Imeandikwa. Sehemu ya ushuru wa soda, pombe na vipodozi, na michezo ya kubahatisha.

[10:10] Hamisi: Subiri subiri. Michezo ya kubahatisha?

[10:10] Hamisi: Yaani mikeka yangu ikichanika Jumamosi ndiyo mnatibiwa nyie?

[10:11] Fadhili: 😂😂😂

[10:11] Kibibi: 😂😂 Hamisi mfadhili wa taifa

[10:12] Hamisi: Kuanzia leo naombeni heshima. Jana pekee nimejenga wodi

[10:13] Swalehe: 🤣🤣🤣

[10:13] Da Zai: Swalehe tangu Ramadhani hujaandika neno humu, leo umeamka kwa mikeka.

[10:31] Kibibi: *Imesambazwa mara nyingi* Chemsha majani ya mstafeli na mizizi ya mpera, kunywa asubuhi na jioni siku 21, SIKOSELI KWISHA. Sambaza kwa watu 10 uokoe maisha.

[10:38] Shem Mussa: Wifi Kibibi naomba uifute hiyo. Sikoseli mtu anazaliwa nayo, iko kwenye damu aliyorithi kwa baba na mama. Rahma anahitaji vidonge vya foliki kila siku, vya haidroksi kila siku, maji mengi, asipigwe baridi, na homa yoyote akimbizwe hospitali. Kile kipimo cha kichwa ni cha kujua kama yuko kwenye hatari ya kiharusi. Watoto wa sikoseli wanapata kiharusi, jamani. Siyo ugonjwa wa wazee peke yao.

[10:40] Kibibi: Ujumbe huu umefutwa

[10:41] Kibibi: Samahani shem. Sikujua la kiharusi

[11:20] Da Zai: Basi mmesikia. Hesabu: kipimo, damu ya kuangaliwa na nauli ya watu wawili ni 180,000. Kulala ni kwangu Mbagala. Wanaochangia wataje kiasi.
1. Zai 30,000
2. 
3. 

[11:34] Hamisi: 2. Hamisi 20,000 mwisho wa wiki nikishusha mzigo

[11:50] Fadhili: 3. Fadhili 15,000. Natuma leo.

[12:15] Athumani: Na mimi nina shauri. Kuna msamaha kwa wasio na uwezo. Wifi Mwanaidi, mama yake Rahma, aje nyumbani, nitamwandikia barua aipeleke kwa mtendaji, kisha kwa ofisa ustawi wa jamii pale hospitali. Akiwa chini ya miaka mitano wala isingehitajika barua.

[12:17] Da Zai: Ana miaka minane.

[13:40] Da Zai: Kaka Idi nakuona umesoma tangu saa tatu asubuhi.

[13:58] Idi: Niko kazini, kuna ukaguzi. Nitachangia. Ila tuache kutegemea michango, tutafute utaratibu wa kudumu.

[14:00] Da Zai: Utaratibu wa kudumu unao wewe mfukoni. Kadi yako ya kazini ina wategemezi wanne. Muandike Rahma.

[14:06] Idi: Haiwezekani Zai. Mtegemezi ni mtoto wa kumzaa au aliyeasiliwa kwa hati ya mahakama, au mzazi wangu, au mzazi wa mke wangu. Rahma ni mtoto wa marehemu kaka. Nikimwandika kama wangu huo ni udanganyifu, na watu wameshafukuzwa kazi kwa hilo.

[14:07] Shem Mussa: Hapo Idi yuko sahihi. Udanganyifu nao umechangia kuyumbisha mfuko.

[14:09] Da Zai: Mzazi wa mke.

[14:09] Da Zai: Hiyo orodha unaijua vizuri.

[14:10] Fadhili: Da Zai tafadhali

[14:12] Da Zai: Sitanyamaza Fadhili. Mwaka 2020 tulimuuza Shani, ng'ombe aliyekuwa anakamuliwa, tukamlipia mama mguu. Nafasi ilikuwepo kwenye ile kadi. Mtu akatolewa mtoto wa jicho kwa kadi ile ile, sisi tunahesabu noti za maziwa. Leo naambiwa sheria.

[14:15] Idi: Nililieleza kwenye kikao cha arobaini na mliitikia wote.

[14:15] Da Zai: Waliitikia. Mimi nilikuwa jikoni.

[14:19] Idi: Mama alikuwa na zaidi ya miaka 60, mzee anatibiwa bure serikalini. Nilijua yuko salama. Mama mkwe alikuwa na 57. Nilipanga hivyo nikidhani nimewafunika wote wawili.

[14:20] Da Zai: Bure ya dawa zisizokuwepo.

[14:21] Swalehe aliondoka kwenye kikundi

[14:24] Hamisi: Mikeka na mada nzito havikai pamoja, Swalehe kachanika

[14:24] Da Zai: Hamisi.

[14:25] Hamisi: Samahani da

[15:10] Ba'mkubwa Rajabu: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:37)

[15:22] Fadhili: Kwa wasio na bando, Ba'mkubwa amesema hivi, naandika kama alivyosema:
"Zainabu mwanangu, lililokuwa kifuani umelitoa. Basi, lishuke hapo. Mama yenu nilikaa naye usiku alipokuwa anaumwa, maana wengi mlikuwa mbali. Idi hakumtaja kwa ubaya hata siku moja. Mwenye deni kaenda bila kudai, wewe unadai kwa niaba ya nani? Na wewe Idi. Kimya chako kimekuwa kirefu. Tangu Shabani azikwe, mlango wa mjane wake umeupiga hodi mara ngapi? Mkubwa wa nyumba hakai Mwanza akasubiri kuitwa na mdogo wake kwenye simu. Dawa za mtoto mpaka Januari ni mimi, machungwa yangu nayauza yakiwa mtini. Hicho kipimo ni chenu. Na hao wa Bunge, watunge sheria zao vizuri, lakini mtoto asirudi nyumbani bila dawa kwa sababu watu wazima walikuwa wanabishana. Nimemaliza."

[15:23] Hamisi: Inshallah Ba'mkubwa

[15:25] Athumani: Tumesikia Ba'mkubwa.

[15:40] Kibibi: 4. Kibibi 10,000

[16:02] Da Zai: Nimesikia baba.

[17:48] Wifi Mwanaidi: Asalaam aleikum. Nilikuwa sokoni, simu nimeiacha kwa Rahma. Nimesoma yote. Ahsanteni sana.
Kaka Athumani, barua ya msamaha niliichukua mwezi wa saba. Ilikubaliwa bila shida, nikapigiwa muhuri, kumuona daktari sikulipa. Dawa nikaambiwa hazipo nikanunue nje. Haidroksi ya mwezi inakaribia elfu 50.
Shule nako nilikwenda. Mwalimu aliita wazazi wajiandikishe kwa kundi, tukatokea wachache, wengi wetu wenye watoto wanaoumwa. Mpaka sasa halijakamilika. Kifurushi cha mimi na mtoto nilipewa hesabu yake, ilikuwa laki kadhaa kwa mkupuo. Elfu 50 ile ya mwaka nilikuwa naipata kwa kuchanga kidogo kidogo tangu Januari. Hiyo siipati.
Sitaki wana wa mama wagombane kwa ajili yangu.

[17:55] Fadhili: Wifi hakuna anayegombana kwa ajili yako.

[18:03] Athumani: Hilo la dawa kutokuwepo nitalipeleka kwenye kikao cha kata. Kwa maandishi. Sitalisema kwa mafumbo.

[18:04] Fadhili: Hapo kaka nakuunga mkono.

[18:20] Shem Mussa: Wazo langu. Wakati tunasubiri sheria mpya, wifi aingie CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii. Ni 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu mpaka sita, inaanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Homa, malaria, kuongezewa damu, atahudumiwa Bombo. Haiendi Dar, kwa hiyo kipimo cha tarehe 16 hakimo, hicho ni mchango. Lakini siku akibanwa usiku hamtaanza kupigiana simu.

[18:22] Da Zai: Hiyo 30,000 nani?

[18:22] Da Zai: Msiniangalie.

[18:41] Hamisi: Mikeka ikijibu natoa yote. Isipojibu serikali itatoa

[18:42] Shem Mussa: 😄 Hamisi acha mchezo, mwandikishaji anapita Jumanne.

[19:15] Idi: Nimetoka kazini. CHF natoa mimi, ya mwaka huu na ya mwaka ujao. Kwenye kipimo niandikeni 50,000. Zai nitakupigia.

[19:40] Da Zai: 5. Idi 50,000
Jumla ni 125,000. Bado 55,000 na majina 12. Mishi, dua nimeipokea, jina lako silioni.

[19:44] Fadhili: Natuma kwa namba ya Da Zai au ya wifi?

[19:45] Da Zai: Ya wifi moja kwa moja. Weka na ya kutolea.

[19:58] Athumani: Nami niwekeni 15,000, lakini baada ya tarehe 20. Mahindi hayajalipwa.

[19:59] Da Zai: Miadi ni tarehe 16 Athumani.

[20:03] Athumani: Basi mnikopeshe humu ndani nitarudisha.

[20:30] Shem Mussa: Wifi, mwandikishaji atapiga picha za kila mtu kwa simu. Wako nani na nani?

[20:36] Wifi Mwanaidi: Mimi, Rahma, Bakari, mama yangu mzazi, na mtoto wa dada anayekaa kwangu. Tuko watano.

[20:38] Da Zai: Wa sita awe Ba'mkubwa.

[20:39] Fadhili: Ba'mkubwa haishi kwenye kaya ile.

[20:41] Da Zai: Ni hatua ishirini kutoka mlango mpaka mlango.

[20:44] Shem Mussa: Nitamuuliza mwandikishaji kama inakubalika. Da Zai, Ba'mkubwa mwenyewe amekubali kupigwa picha?

[20:52] Da Zai: Idi ananipigia. Ngojeni.