Slaidi za marehemu baba zina miviringo ya rangi

Wadau, nimefungua sanduku la marehemu baba hapa Tanga. Slaidi (vipande vya filamu vyenye picha, vya kumulikwa kwa mwanga) za Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, za 1968, zimebanwa kati ya vioo viwili. Rangi bado kali, ila baadhi zina miviringo kama mafuta juu ya dimbwi. Ni ukungu? Nizioshe?

— Maji usiguse! Ukungu hula jelatini, yaani utando unaoshika picha kwenye filamu, nayo ikishaliwa huyeyuka majini pamoja na picha. Harusi ya shangazi yangu iliishia kwenye beseni.

— Kaka, hiyo ni miviringo ya Newton. Filamu ikikaribia kioo, hubaki utando mwembamba wa hewa. Mwanga unaorudi kutoka pande zake mbili hukutana, rangi zikajitokeza. Toa vioo, weka fremu ya plastiki.

— Nimetoa kimoja, imepotea! Mama yuko Raskazone, kanga nyekundu vilevile.