Basketi: kumshika mtu kiuno kwenye fasti breki (shambulio la haraka), ni faulo ya kawaida au ni U (faulo isiyo ya kiuanamichezo)?

refa_wa_Arua
Wakuu habari zenu, niko Arua napuliza mechi za vijana, huu mwaka wa pili. Jumapili robo ya nne timu A wamepora mpira katikati, kijana anakimbia peke yake kwenda kufunga, mbele hakuna mtu, beki wa B akamfuata akamshika kiuno kutoka nyuma, kidogo tu, mpira ukampotea. B walikuwa na faulo tatu robo hiyo, bado hazijafika za kutoa mitupo huru, kwa hiyo nikawapa A mpira wa pembeni basi. Kocha wa A akawaka sana, eti ile ni faulo isiyo ya kiuanamichezo, nikamjibu kijana hakuumizwa na beki hakukusudia. Tangu siku hiyo sina amani, nilikosea?

afande_filimbi
Pole ndugu, ulikosea, na wengi tumepitia hapohapo. Hilo neno "hakukusudia" litoe kichwani kabisa, refa hasomi moyo wa mtu, anasoma mgusano. Kanuni za FIBA (shirikisho la basketi duniani) ziko wazi, ukimgusa isivyo halali kutoka nyuma au ubavuni mtu anayeelekea kikapuni na hakuna mwingine mbele yake, hiyo ni U hata kama ni laini. Adhabu ni mitupo huru miwili na mpira wanabaki nao walewale, wanaanzia pembeni upande wanaoshambulia, saa ya kushuti (muda wanaopewa kurusha mpira kikapuni) sekunde 14. Kocha alikuwa na haki ya kuumia jamani. Na mchezaji akifikisha U mbili, au U moja na tekniko moja (faulo ya utovu wa nidhamu), anatolewa mechi.

kona_ya_Lugogo
Afande sawa ila tumuulize kwanza, kijana alikuwa bado anadunda au ameshashika mpira anapanda kushuti? Maana kigezo hicho kinaishia pale anapoanza kushuti, baada ya hapo unaangalia kama beki alifuata mpira kweli na kama nguvu zilizidi. Hapa Kampala naona kila wiki, beki anaruka kutoka nyuma anautafuta mpira kabisa, mkono unagusa kidogo, watu jukwaani wanapiga kelele U! U! na ile ni faulo ya kawaida ya kushuti, mitupo miwili yatosha.

refa_wa_Arua
Alikuwa anadunda, bado hatua kama tatu hivi afike. Sasa je kungekuwa na beki mwingine mbele?

kona_ya_Lugogo
Basi ni U hiyo. Beki mwingine akiwepo mbele usiseme tu haiwi, kama alimshika ili kukata shambulio la haraka na mgusano haukuwa na haja bado ni U, ni kigezo kingine hicho.

mama_basketi
Mdogo wangu, ulisimama wapi lakini? Vijana wengi wanakimbia nyuma ya mchezo wanaona mgongo tu, mkono wa beki hawauoni. Mpira ukiporwa wewe kimbia pembeni kwa upana uwahi mstari wa mwisho, geuka, tazama ile nafasi kati ya beki na mwenye mpira. Na mechi ijayo usije ukawapigia B faulo za uongo ili kuwafidia A, hapo ndipo utaharibu kweli.