Nice na Sanremo bila gari, tukiwa na mtoto wa miaka 7: viza tuombe wapi?

Pwani_ya_Mbali
Wakuu habari zenu. Tunatoka Dar wiki ya kwanza ya Juni, watu wazima wawili na mtoto wa miaka 7. Usiku 4 Nice (Ufaransa), usiku 4 Sanremo (Italia), hatukodi gari. Viza tuombe Ufaransa au Italia? Na Nice mtoto atapata ufukwe wa mchanga?

MzeeWaTiketi
Mkuu, hiyo 4 kwa 4 ndiyo itakayowasumbua. Viza ya Schengen, ile moja inayofaa nchi nyingi za Ulaya, huombwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi. Zikilingana, inaangaliwa nchi mnayoingilia, na mkiunganisha ndege Amsterdam au Frankfurt, mnaingilia hukohuko. Wekeni 5 Nice na 3 Sanremo, pelekeni maombi Ufaransa, kwisha.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, jumla 225, gharama za kituo cha kupokea maombi kando. Chini ya miaka 12 hachukuliwi alama za vidole. Bima iwe ya angalau euro 30,000 na ifunike siku zote za safari. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla hadi siku 15 kabla, ila msisubiri: jibu huchukua siku 15 na likikwama hufika 45. Machi pelekeni. Pasipoti ibaki na miezi 3 baada ya kutoka, na kurasa 2 tupu.

Na usimwombe shemeji akuingizie milioni 10 wiki moja kabla ya kuchukua taarifa ya benki. Wanatazama mwenendo wa akaunti, salio la mwisho pekee haliwashtui.

reli_tu
Kabla ya viza, tarehe. Kuanzia 2026 mbio za magari za Monaco, jirani na Nice, zimehamia wikiendi ya kwanza kamili ya Juni. Vyumba vya Nice siku hizo bei haishikiki. Sogezeni wiki moja mbele.

Ufukwe wa Nice ni mawe ya mviringo, mengine ukubwa wa yai, mengine ngumi. Hatua chache tu kina kimeshamzidi mtoto, na wimbi likirudi linazoa mawe chini ya miguu yake. Viatu vya maji ni lazima. Kwa mchanga, mpelekeni Antibes, ufukwe wa La Gravette: umekingwa na ukuta, maji yametulia, na kwa TER, treni ya mkoa ya Ufaransa, ni kama nusu saa kutoka Nice. Ratiba ya kupwa na kujaa achaneni nayo, huko hakuna bamvua. Maji hupanda na kushuka kidogo tu. Ila Juni yana kama nyuzi 20. Aliyezoea Kigamboni atapiga kelele.

Kwenda Sanremo, TER hadi Ventimiglia, mji wa Italia mpakani, kaeni kulia muone bahari, kisha badilisheni treni ya Italia kwa tiketi nyingine. Epukeni Ijumaa, siku ya gulio la Ventimiglia. Stesheni ya Sanremo iko ndani ya mlima na njia ya kutokea ni ndefu mno, kwa hiyo mabegi ya magurudumu.

Mkirudi, polisi wa Ufaransa hupanda treni pale Menton-Garavan, stesheni ya kwanza ukivuka mpaka, kukagua watu. Pasipoti zote tatu ziwe mkononi. Picha kwenye simu haitoshi.

Dengu_na_Pilipili
Nyongeza mbili. Wengi wanashuka stesheni ya Èze-sur-Mer wakidhani wamefika Èze, kijiji cha mlimani karibu na Nice. Kijiji kiko zaidi ya mita 400 juu, na njia ya miguu ni mwinuko mtupu, zaidi ya saa nzima. Na mtoto, pandeni basi namba 82 kutoka Nice.

Mtoto akisumbua kula, mnunulieni socca: unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, nyama hakuna. Iliwe ya moto. Ikipoa inakuwa kama kadibodi. Matunda yapo soko la Cours Saleya, Nice, isipokuwa Jumatatu, siku hiyo wanauza vitu vya kale.