Tupeane uzoefu: ugomvi wa maji, mchanga na msitu uliofika polisi (Arusha na Moshi)

Wakuu, salaam.

Tukitaja usalama hapa mjini, akili inakimbilia vibaka na wanaopora simu kwa bodaboda. Mimi nimewahi kukaa baraza la kata, na kesi zilizotutoa jasho hazikuwa hizo. Ni nani kaziba mfereji, tipa la nani limebomoa kingo za mto, nani kaangusha mti kwenye chemchemi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, ile ya 2022 ikahesabu 617,631. Hao laki mbili walioongezeka wanataka mchanga wa kujengea, mkaa, nyanya na maji, na vyote tunavitoa kwenye mito na misitu ile ile. Hela inaonekana, maghorofa yanapanda. Ila kuna watu wanaumizana huko nyuma.

Leteni mliyoyaona wenyewe. Majina ya watu na vijiji yaacheni.

Mkulima wa mpunga, Moshi chini

Huku kwetu ugomvi uliletwa na mafanikio. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, tukafundishwa kupanda mpunga kwa mistari, magunia yakajaa mpaka watu wakajenga. Walioko juu ya banio (pale maji yanapochepushwa kuingia mferejini) la Mto Rau nao wakaona. Wakalima mpunga. Utawakataza vipi, mto unapita mlangoni kwao? Maji yakaanza kufika kwetu ya kulamba, sehemu nyingine hayafiki kabisa, mfereji wa zege unaota majani.

Zamu za usiku ndizo mbaya. Unalala banioni na tochi na panga, na mwenzako wa juu naye ana tochi na panga. Shemeji yangu alikatwa mkono kwa sababu ya lango la maji lililofunguliwa saa nane za usiku. Aliyemkata ni jirani tunayezikana naye. Polisi waliandika kujeruhi, mahakamani ikaenda kama kujeruhi, jamaa akafungwa. Akitoka atakuta lango lile lile na maji yamepungua zaidi. Ukiuliza takwimu za wilaya utaambiwa kuna kesi za kujeruhi. Za maji hazipo, kwa sababu hakuna anayeziandika hivyo.

Mama wa Muriet, Arusha

Mkulima pole kwa shemeji. Mimi niko kwenye korongo. Vijana wanachimba mchanga, mafuso yanapakia, kila masika korongo linakula uwanja wa mtu. Jirani yangu alienda kuwakataza, usiku nyumba yake ikapigwa mawe. Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akatuambia tuishi nao vizuri, hao machalii wana familia. Kweli wanazo, na mchanga wanaouchimba ndio umejenga nyumba zetu, siwezi kujitoa hapo.

Lakini Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji huku huku kwetu, watoto wakafa. Tangu hapo mvua ikianza wazazi tunasimama barabarani, na anayeonekana na koleo karibu na korongo anaweza kupigwa kabla hajaulizwa. Hilo ndilo linalonitisha sasa. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukizipima hizo mita 60 hapa kwetu, nusu ya mtaa inaondoka, na sisi wenye hati za serikali ya mtaa tukiwemo.

Mdau wa Ungalimited, Arusha

Hayo yote ni njaa, mkuu. Mpeni kijana kazi uone kama atachimba mchanga. Mazingira mnayasingizia.

Mwanzisha mada

Kaka, soma tena kisa cha mpunga. Pale hakukuwa na njaa, kulikuwa na pesa. Endeleeni.

Dada wa Kibosho

Kwetu ni nusu maili, ule ukanda wa msitu uliotengwa 1941 ili Wachagga wapate kuni na nyasi. Mwaka 2005 ukaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Sikatai, msitu ulikuwa unaisha, na mifongo yetu, mifereji ya asili, inaanzia humo. Ila ng'ombe wa kihambani, yaani shamba la nyumbani, hatoki zizini, anakatiwa majani, na anayekata ni mama. Mama akisikia askari anakimbia na mzigo kichwani kwenye mteremko. Mwenye mbao yeye anaingia usiku na mashine, gari linamsubiri, na kijiji kizima kinamjua. Hakuna anayemtaja, maana anayetaja ng'ombe wake hulishwa sumu. Ndivyo watu wanavyozoea kunyamaza hata kwa mambo mengine.

Mfugaji, Simanjiro

Nyie wa mlimani mkimaliza kugombana, sisi wa chini tunapokea makombo. Mto Kikuletwa unashuka kutoka kwenu mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu. Siku hizi kingo zimejaa mashine za kuvutia maji ya nyanya na vitunguu vya kupeleka sokoni, na njia za ng'ombe kwenda kunywa zimelimwa. Mwaka 2009 tulipoteza mifugo mingi kwa ukame, na tangu hapo hakuna morani anayekubali ng'ombe arudi na kiu huku anayaona maji.

Mara ya mwisho damu ilikaribia kumwagika. Laigwanani, viongozi wetu wa jadi wa Kimaasai, wakakaa na wakulima chini ya mti, bila polisi. Tukakubaliana njia mbili za mifugo zifunguliwe na mashine zizimwe mchana wakati wa kunywesha. Njia moja imefunguliwa, nyingine bado ina vitunguu. Tunakutana tena vikivunwa, na wenye mashine wameambiwa waje na vibali vya kutumia maji, maana wengi wao hatujawahi kuviona.