Watunzi wa tamthilia, nani aliwaambia mke akiachwa anaondoka na begi moja?

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nina povu. Asiyependa uzi mrefu apite kimya kimya.

Nimetoka kuangalia tamthilia ya jioni. Siitaji jina, maana nikiitaja moja mtaanza kusema nina bifu na mtunzi wake, wakati shida yangu si hiyo moja. Ukihama chaneli unaikuta ile ile huko, wamebadilisha mawigi na jina la kampuni ya baba mkwe. Hata sebule ni ile ile. Lile jumba lenye ngazi za kupinda na makochi meupe, leo analia huyu, kesho kutwa kwenye tamthilia nyingine analia mwingine juu ya kochi hilo hilo.

Ilikuwa hivi. Mke kagundua mume ana mwanamke nje, na mtoto juu. Kagundua kwenye simu, kama kawaida, kwa sababu wanaume wa kwenye tamthilia ndio pekee nchi hii wanaoingia kuoga na kuacha simu kitandani haina nywila. Haya. Anamngoja mume atoke bafuni amuulize? Thubutu. Anawasha gari mpaka kwa yule mwanamke, wanavutana nywele, meza inapinduka, na mpiga muziki naye kaamua kutupasua masikio. Mume anatokea mlangoni na funguo mkononi, anapaza sauti mara moja, "Inatosha!", wanawake wote wawili wananyamaza. Yaani mwenye kosa ndiye aliyepewa nafasi ya mtu mwenye busara.

Na subirini, huko mbele tutaambiwa hata kosa lenyewe halikuwa lake. Alilishwa limbwata. Chungu kitapasuliwa, bwana atazinduka, atatoa chozi moja, mke atamkumbatia. Kama si limbwata, ni mama yake aliyemlazimisha. Kama si mama yake, ni dada yake. Kama si hao, kuna rafiki wa mkewe alimwekea kitu kwenye kinywaji. Nimeangalia tamthilia miaka na miaka, za kwetu na za majirani zetu Wakenya, na sikumbuki ni lini nilimwona mume akikaa kitako akasema: nilitaka mwenyewe, nikafanya, hakuna aliyeniroga. Wanawake humo ndani wana akili ya kupanga sumu, kubadilisha vipimo hospitali na kughushi wosia. Mwanaume peke yake ndiye asiyejua alifikaje kitandani kwa watu.

Hilo ningeweza kulimeza. Kilichonifanya niandike usiku huu ni begi.

Mnalijua. Lile la magurudumu. Ndoa ikivunjika, bwana anatupa karatasi mezani: "Saini hapa." Mke anasaini huku mkono unatetemeka, anavua pete, anaiweka juu ya karatasi. Halafu anatamka ile sentensi ambayo watunzi wote wameinakili kwenye daftari moja: "Sitaki chochote chako." Mvua inanyesha, begi linaburuzwa. Na sisi tunaoangalia tunatakiwa tuone kwamba hapo ndipo alipokuwa na heshima kuliko wote. Hebu niambieni, kwenye hizo hadithi anayedai nyumba ni nani? Ni yule mbaya, yule mwenye kucha ndefu na kicheko. Mke mwema hadai.

Mimi ni msaidizi wa kisheria ngazi ya kata, hawa tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mshahara hakuna, kazi ni kukaa kwenye benchi na kusikiliza watu. Na hiyo sentensi ya "sitaki chochote chako" naisikia kwenye benchi, na macho yangu makavu.

Alikuja mama mmoja kutoka pande za Chanika (nimebadilisha vitu kadhaa asijulikane). Ndoa ya bomani, watoto wapo. Kaleta karatasi ya daftari la mistari, imekunjwa mara nne, kwenye mikunjo imelainika kwa jasho mpaka inataka kuachana. Mume kaandika kwa mkono wake kwamba kuanzia leo ndoa imekwisha na mke hatadai kiwanja wala nyumba. Chini kuna sahihi mbili, ya mke imepinda.

Nikamuuliza, mdogo wangu, ulisaini mwenyewe?

"Ndiyo dada."

Kwa nini?

Akaniangalia kama niliyeuliza kitu cha ajabu. "Si ndiyo talaka yenyewe? Alishaandika, ningefanyaje? Halafu dada, mali yake mimi sitaki. Nataka amani."

Mali yake! Nikamwomba anisimulie hiyo nyumba ilivyojengwa. Tofali walifyatua wenyewe uani, maji anachota yeye. Bati za upande wa nyuma zilitoka kwenye mchezo aliokuwa anacheza kwa pesa ya vitumbua. Fundi alikula kwake mchana wote wa ujenzi, bila kukatwa hata senti. Hiyo ndiyo mali ya mume.

Wakuu, karatasi ile haivunji ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi, liwe la kata, la Bakwata au la kanisa. Wakishindwa kuwapatanisha wanatoa ile fomu namba 3, mnakwenda nayo mahakamani, na mahakama ndiyo inayotamka talaka. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa na wote wawili. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ni lini mmeona hata kimoja cha hivi kwenye tamthilia? Hata mzee mmoja wa baraza amekaa na miwani yake anasoma maelezo ya pande mbili? Hakuna. Kuna karatasi, kalamu na mvua. Ndoa za Kiislamu nazo zina utaratibu wake wa talaka na eda, na huko pia wanatuonyesha mke kaachika Jumatatu, Jumamosi anavishwa pete na bosi wake.

Na msiniambie hamna hadithi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Swali lilikuwa hili: mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa ya nyumbani, hakuleta mshahara, je kupika kwake na kulea kwake ni mchango katika mali ya familia? Mahakama ikasema ndiyo, ni mchango. Na yeye mwenyewe Bi Hawa hakuambulia kitu, kwa sababu mahakama iliona kwamba pesa alizopewa na mumewe aziendeleze kwa manufaa ya familia alizitapanya. Mwanamke kawapatia wenzake haki ambayo mpaka leo wanaitaja mahakamani, yeye katoka mikono mitupu. Mtunzi gani anayeweza kubuni kitu kichungu kuliko hicho? Kipo kwenye vitabu vya kesi, kimekaa bure, nyie mnahangaika na mapacha waliopotezana.

Tukija kwa zile za Uturuki na Ufilipino zilizotiwa sauti za Kiswahili, sitaki hata kusema sana. Anamteka binti wa watu, anamfungia, anamwoa kwa nguvu au kwa mkataba wa baba mwenye madeni, halafu baada ya muda eti mapenzi yamechipua. Binti anamtazama mtekaji wake anakula tini, anatabasamu. Kifungu cha 16 cha Sheria yetu ya Ndoa kinasema ndoa ni kwa ridhaa ya hiari ya wote wawili. Na hapa kwetu mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo hiyo, vilivyokuwa vinaruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Akashinda 2016. Serikali ikakata rufaa, na 2019 Mahakama ya Rufani ikabaki upande wake. Hiyo ni hadithi ya mapenzi na ndoa kuliko zote mnazotuletea, ila haina farasi wala kasri.

Halafu kibao. Kwenye tamthilia mwanamke anapigwa kibao, anaanguka taratibu, anashika shavu, kesho yake maua. Kifungu cha 66 kinasema wazi hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Lakini Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 58 katika kila 100 wanakubali kwamba ipo angalau sababu moja inayompa mume haki ya kumpiga mkewe. Wanaume waliokubali walikuwa 40. Rudieni kusoma, wanawake ni wengi kuliko wanaume. Sisemi tamthilia ndizo zilizowafundisha, bibi zetu hawakuwa na king'amuzi na vipigo walivipata. Nasema hawa ndio watazamaji wenu. Wamekaa mbele yenu kila usiku, wametulia, na mnachowapa ni kibao kingine chenye maua.

Ya ugumba nayapitia haraka. Mtoto asipopatikana, ni mke ndiye tasa, mama mkwe anahesabu miezi, na mume hajawahi kukanyaga hospitali kupimwa. Kisha siku mke akitapika tu, ni mimba. Hakuna malaria wala vidonda vya tumbo nchi hiyo.

Na somo, yule kungwi wa bibi harusi, mmemharibu pia. Mnamleta bibi mwenye kanga mbili anakaa kitandani na bibi harusi, anamwambia vumilia mwanangu, ndoa ndoano, basi kazi yake imekwisha. Mimi ni mtu wa Tanga. Somo yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kubisha hodi kwa wakwe nikipata neno. Alikuwa anavaa baibui lake, anakwenda, anakaa kwenye mkeka wao na kuuliza: mwali wangu nasikia hamlali vizuri humu, kuna nini? Wanaume wazima walikuwa wanatoka kwa mlango wa uani. Huyo mtu mbona simwoni kwenye runinga?

Lakini kubwa kuliko yote, pesa. Kwenye tamthilia hakuna anayelipa kodi. Hakuna ada ya shule, hakuna mgonjwa kijijini anayetaka nauli. Watu wanaamka na vipodozi usoni, wanakunywa juisi, wanaanza kusalitiana. Wakati kwenye benchi langu ndoa zinazolia ni za mikopo. Mke kachukua kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kwa siri ili mtoto asirudishwe shule, rejesho la wiki limemshinda, akakopa kwingine kulipa la kwanza, mpaka siku wanawake wenzake wa kikundi wanakuja asubuhi kubeba friji na runinga, majirani wametoka nje na vikombe vya chai mkononi. Mume ndipo anajua. Anauliza pesa ilikwenda wapi, na jibu ni kwamba ilikwenda kwenye matumizi ambayo yeye aliacha kutoa tangu Januari. Hapo kuna mapenzi, kuna uongo, kuna aibu, kuna watu wawili wenye makosa yao wote. Nimeona mume akikaa chini mbele ya wale wanawake akaanza kupanga nao tarehe za kulipa. Nimeona mwingine akiondoka hapo hapo na asirudi. Mwandikieni basi hata mmoja wao.

Nimehariri:

Mliokuja kusema "zima runinga", asanteni, jirani zangu hawajazima na saluni hawajazima.

Uliyesema mleta uzi lazima ni mwanamke aliyeachika mwenye machungu: nimeolewa, mwenyewe yupo hapa pembeni anakoroma, na ndiye anayefuatilia hizo tamthilia kuliko mimi. Ananisimulia nilivyokosa.

Kuna dada kaandika kwamba waigizaji wa kike wanajitahidi, nisiwavunje moyo. Sina neno nao. Kuna mabinti humo wanaweza kukuliza kwa kushika kikombe tu. Ndiyo maana inauma, kipaji chote kile kinapewa kazi ya kuburuza begi.

Na wewe ndugu uliyejitambulisha kuwa unaandika skripti, ukasema vipande vya mahakamani na mabarazani ni gharama kuvipiga. Baraza la usuluhishi la kata ni meza moja, viti vinne vya plastiki na katibu mwenye daftari. Mvua yenu mnakodi gari la maji. Nipigie hesabu ya hivyo viwili hapa hapa, watu waone.