Mrejesho: ghala la chakula kanisani

Ndugu zangu, niliwauliza tufanyeje ili chakula cha msaada kisituharibikie ghalani huku wenye njaa wakirudi mikono mitupu. Asanteni sana. Tulianza kuandika tarehe ya mwisho kwenye kila mfuko na kutoa kwanza ule unaokaribia kwisha muda wake. Tangu hapo hatujatupa kitu. Kuwaacha watu wachague wenyewe, badala ya kuwafungia vifurushi, kumesaidia kuliko yote: kinachochukuliwa kinaliwa kweli.

Mlo wa pamoja bado unatusumbua. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa 2, nasi hatuna jokofu, hivyo tukapunguza kiasi cha kupika. Mara mbili waliochelewa wakakosa. Iliniuma sana. Sasa tunawawekea vyakula vikavu vya kubeba.