Mjadala: Wadudu wetu waliochomwa pini Ulaya, warudi au wabaki?

Mwanzisha mada

Wakuu, kila baada ya muda tunabishana kuhusu mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na sasa amesimama Berlin. Ni mjadala wa haki, siupingi. Lakini kwenye makabati ya Ulaya kuna mali yetu nyingine isiyofika hata urefu wa kidole, na sijasikia mtu akiiulizia. Nazungumzia wadudu.

Nianze na mmoja. Mwaka 1950 dume la mdudu mdogo asiye na mabawa lilikamatwa hapa Tanganyika, likachomwa pini, likaandikiwa kikaratasi na kuishia kwenye kabati la makumbusho huko Ulaya. Hakuna aliyemtambua. Si panzi, si vunjajungu, si mdudu kijiti. Alikaa hivyo miaka hamsini. Ndipo Oliver Zompro, mtaalamu wa Ujerumani, akawa anachunguza kaharabu ya Baltiki, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe miaka milioni 40 hivi iliyopita, akaona ndani yake kisukuku cha mdudu asiyeingia kundi lolote. Alipokutana na yule wa kwetu, na jike lililokamatwa Namibia mwaka 1909, akakuta ni ukoo mmoja. Mwaka 2002 ikatangazwa oda mpya, Mantophasmatodea, ya kwanza kuongezwa kwa wadudu walio hai tangu 1914. Kwa wasiozoea maneno haya: mbawakawa wote duniani ni oda moja, vipepeo na nondo wote oda moja, nzi na mbu wote oda moja. Ndiyo uzito wa jambo hilo. Wa kwetu akaitwa Tanzaniophasma subsolana.

Jina la spishi hufungwa kwenye kielelezo kimoja halisi, ambacho wataalamu hukiita holotaipu. Ukibishaniwa kama panzi wako ni spishi hii au ile, mwamuzi wa mwisho ni holotaipu. Sasa niambieni: Msweden Yngve Sjöstedt aliongoza msafara wa Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, akabeba maelfu ya wadudu. Kijana wa Moshi anayetaka kuwa na hakika na panzi wa mlima ulio nyuma ya nyumba yao inabidi aombe viza.

Na yamenikuta. Niliwahi kubeba nyavu na taa za usiku kwa watafiti wageni Usambara, wiki sita. Nilijua kila mti wenye nini. Baadaye spishi mpya zikatangazwa, vielelezo vyote vikabaki kwao. Nilipoomba nilinganishe mmoja na niliyemkamata mwenyewe, nilitumiwa picha moja, ya mgongoni, yenye ukungu. Sehemu inayotofautisha spishi ile ipo tumboni.

Msimamo wangu: vielelezo vya msingi vya wadudu wa nchi hii virudi. Karibuni tujadili.

Mwalimu wa zamu

Naunga mkono. Kidato cha tatu nafundisha uainishaji kwa mchoro wa kitabu. Mwanafunzi anakariri oda kama anavyokariri majina ya mitume. Hajawahi kuonyeshwa kabati moja lenye wadudu wa wilaya yake waliopangwa kwa jina.

Mtunza kabati

Ndugu mwanzisha mada, pole kwa yaliyokukuta Usambara. Mimi nimefanya kazi ya kutunza vielelezo kwa miaka mingi, hapa hapa Afrika Mashariki, kwa hiyo naomba nisionekane msaliti nikipinga.

Mdudu mkavu ni chakula. Kuna mbawakawa wadogo ambao mabuu yao hula makusanyo ya makumbusho. Ukisahau kukagua droo kwa miezi kadhaa unakuta unga na pini imesimama peke yake. Unyevu ukipanda, kuvu. Umeme ukikatika wiki nzima pwani, kuvu. Nimeyaona kwa macho yangu, nikalia. Na mnakumbuka Rio de Janeiro, Septemba 2018: Makumbusho ya Taifa ya Brazil yaliungua usiku mmoja, na mkusanyiko wa wadudu wa takriban milioni 5 ukateketea kwa sehemu kubwa. Brazil si nchi isiyo na wataalamu. Iliponzwa na jengo kuukuu na bajeti iliyominywa mwaka hadi mwaka.

Kingine: kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinasema holotaipu ni amana ya sayansi, anayeitunza anaitunzia wote. Nami naliamini hilo. Itifaki ya Nagoya ya 2010, ule mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali za viumbe, haituokoi, maana ilianza kutumika 2014 na hairudi nyuma hadi 1905 wala 1950.

Mtanzania wa Berlin

Nimesimama chini ya yule mjusi, zaidi ya mita 13 kwenda juu, nikasikia vibaya moyoni kuliko nilivyotarajia. Ila ngoja niongeze jambo kwa Mtunza kabati. Jengo lile lile la makumbusho, ubavu wake wa mashariki ulipigwa bomu Februari 1945 na kuachwa gofu kwa miongo. Na München, Aprili 1944, mabomu yaliteketeza mifupa ya dinosaria Spinosaurus iliyotoka Misri. Kilichobaki ni michoro na picha. Kwa hiyo hii hoja ya kwamba Ulaya ni salama na Afrika ni hatari, tuipime kwa karne nzima, si kwa miaka hii ya amani tu.

Mama wa maembe

Mie niko Kilifi, nina miembe ya apple na ngowe. Nawasoma nyote na naona mwagombania pini. Nisikizeni na mie kidogo.

Mwaka 2003 palionekana nzi mgeni wa matunda hapa pwani ya Kenya. Hakuna aliyemjua. Mwaka 2005 wataalamu wakampa jina, Bactrocera invadens, spishi mpya. Akasambaa sehemu kubwa ya Afrika. Maembe yakawa yaoza mtini, na 2014 Kenya ikasimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa ajili ya nzi. Kisha 2015 wataalamu wakasema, baada ya kulinganisha maumbile, vinasaba na hata kuwapandisha dume na jike, kwamba huyu si mpya. Ni Bactrocera dorsalis, yule yule wa Asia ajulikanaye tangu zamani. Miaka kumi ya jina lisilo lake! Na katika miaka hiyo, taratibu za kusafisha matunda zilizokubaliwa kwa dorsalis zilikuwa hazihesabiki kwa nzi wetu, kwa kuwa kwenye karatasi alikuwa mdudu mwengine.

Kwangu mie pini iko London au iko Nairobi si kitu. Nataka mtu ambaye nikimpelekea nzi kwenye kichupa Jumatatu, aniambie ni nani kabla ya Ijumaa. Watu hao ni wangapi?

Mtunza kabati

Wachache mno, mama. Na wanastaafu.

Kijana wa kamera

Samahani wakubwa zangu. Kwa nini tuendelee kuua na kuchoma pini? Mwaka 2015 nzi mmoja wa Afrika Kusini, Marleyimyia xylocopae, alipewa jina kwa picha tupu, bila kielelezo kilichohifadhiwa. Simu zetu leo zinapiga picha kali. Tuwe na hazina ya picha, iwe yetu, isiwe na mlango wala viza.

Mtunza kabati

Mdogo wangu, picha ni msaada mkubwa na napenda ari yako. Lakini ile ya 2015 ilizua ugomvi, na mwaka uliofuata karibu wataalamu 500 walitia saini andiko la kuipinga. Mwenzako juu hapa ameshasema: alitumiwa picha ya mgongoni, alama iko tumboni. Mwaka 2040 mtu atataka vinasaba, na picha haina vinasaba. Yule dume wa 1950 angekuwa picha ya mwaka ule, nyeusi na nyeupe, unadhani Zompro angepata nini? Alitambulika kwa sababu mwili wake ulikuwepo.

Mwanzisha mada

Nimelala na maneno yenu. Mama wa Kilifi amenigusa kuliko wote, nami nabadilisha sehemu ya msimamo wangu.

Wa zamani, wa Sjöstedt na wenzake, sitaki tena warudishwe wote kwa mkupuo. Tukiwapokea kesho bila mtu wa kukagua droo, tutakuwa tumeagiza unga. Ila nakataa neno amana litumike kama kufuli. Ukitunza amana yangu nami siwezi kuifikia, hapo umeishikilia tu. Kwa hiyo waliopo huko wapigwe picha kila upande kwa gharama ya wanaowashikilia, na mtafiti wa hapa akiomba kuazima, aazimwe kwa masharti yale yale anayopewa mtafiti wa huko.

Wa sasa na wa baadaye ndio nasimamia bila kulegea. Kibali cha utafiti kinatoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, basi kibali kiwe na sharti: spishi mpya ikitangazwa, holotaipu inabaki nchini, vielelezo vingine viende kwao. Na katika fedha za mradi pawepo mshahara wa Mtanzania anayesomea kundi hilo la wadudu hadi abobee. Kubeba nyavu peke yake hakutoshi. Nilizibeba, najua kazi hiyo inapoishia.

Mwalimu wa zamu

Na watafiti wakisema sharti ni gumu, wakahamia nchi jirani?

Mwanzisha mada

Mdudu wa Usambara hayuko nchi jirani, mwalimu. Ndiyo nguvu pekee tuliyo nayo.

Mtunza kabati

Hapo nakukubalia, ila kwa sharti langu: holotaipu zisikae jengo moja. Zigawanywe, sehemu Dar, sehemu Arusha, na tukubaliane na Nairobi, ambako makumbusho yana wadudu wengi na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, ipo tangu 1970. Rio ilifundisha hivyo.

Kuhusu dume la 1950, ningeliacha lilipo. Mwaka 2002, baada ya kuona vielelezo vikavu, msafara ulikwenda Brandberg, Namibia, ukawakuta wakiwa hai kwenye majani makavu, wakiwinda. Baadaye ikajulikana kwamba huitana kwa kugonga tumbo chini. Kwa hiyo fedha za kumsafirisha yule mmoja ningempa kijana wa kamera, yeye na mwenzake mwenye wavu, wakae nyanda za juu msimu mzima, kuanzia mvua za kwanza, wamtafute wa pili.

Kijana wa kamera

Mkuu, mimi nipo Mbeya. Mvua zinaanza Novemba. Niambie tu nianzie kwenye majani ya aina gani.